Kaske ya Kuzima Kelele Aliyoniletea Bwana Yangu

"Buloni ziko ine tu. Ijumaa wakati wa sala tunazifungua, tunaing'oa motere toka chini, tunaipakia, saa munane tuko njiani ya Wamaza."

"Na bibi yako?"

"Sifa? Angalia masikio yake. Hasikii kitu."

Jamani... nilikuwa hatua tatu kutoka kwao! Nimewapa mugongo, namwaga mupunga wa watu ndani ya mashini. Kaske, zile spika za kufunika masikio, iko kichwani. Motere inanguruma mpaka ukuta unatetemeka.

Na nilisikia kila neno.

Yule aliyesema "hasikii kitu" ni bwana yangu wa ndoa, Iliasi. Na ile kaske ni yeye aliyeninunulia.

Mimi ni Sifa wa mashini. Wa Kasongo munanijua, muchele munaokula nimeukoboa mimi. Wengine munanijua kwa hii ukurasa tu, hapa napimaka vitu: taa za solaire, radio, betri za simu. Navitumia mwezi muzima, kisha nawaambia kama vinafaa kila siku ama ni takataka ya kupamba kabati.

Tangu lini munaniandikia? "Sifa, ile kaske isiyo na waya, ile ya kuzima kelele, mbona kimya? Tununue ama tuache?"

Nilikuwa kimya juu jibu lenyewe liko ndani ya ndoa yangu. Leo nawapa yote. Kaeni vizuri.

Mashini ilikuwa ya baba yangu, Muzee Hemedi, Mungu amurehemu. Kabla hajafariki aliita wajomba, akamuita na shehe, akasema mbele yao: "Motere ni ya Sifa. Si ya kaka, si ya bwana. Ya Sifa." Tangu ile siku mimi ndiye nawasha, mimi ndiye nazima. Mutoto wangu Malaika anasoma kwa ile motere. Ukiniondolea ile motere, sina kazi, sina neno la baba, narudi kukaa uani nikingoja kupewa chumvi.

Lakini motere iliniharibu masikio. Miaka tisa karibu yake, munafikiri nini? Jioni Malaika ananiita mara tatu ndipo naitika. Nikilala, nasikia nzi wanalia ndani ya kichwa na hakuna nzi.

Basi siku moja Iliasi anarudi toka Kindu na sanduku jeusi.

"Kado yako, Mama Malaika."

"Ni nini?"

"Ukivaa hii, hata mvua juu ya bati hautaisikia."

Nililia. Miaka sita ya ndoa, hajawahi kuniletea zawadi hata ya kitambaa bila mimi kuomba. Nikatia picha yetu hapa, yeye na kaske shingoni. Munakumbuka mulivyoandika chini? "Bwana kama huyo anapatikana wapi?" Nimeyaweka majina yenu wote, tutaonana.

Nikaanza kupima. Juu ya kitambaa cha kichwa, kaske inateleza. Chini ya kitambaa inakaa vizuri, lakini jasho linalowesha sponji mpaka unasikia umevaa mandazi ya moto. Vumbi la pumba linaingia kila mahali, kila jioni lazima uipanguse. Simu ukiiacha nyumbani, muziki unakatika ukifika kwa jirani. Kuongea kwa simu sokoni, mutu wa pili anasikia soko lote, wewe hakusikii.

Betri ndiyo ilinikasirisha. Sanduku linasema siku muzima na zaidi. Kumbe naichaji inajaa, naiacha nyumbani juu ya kabati, naenda kutoa pole kwa watu, nikirudi iko nusu! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikaandika kwa daftari: "Betri mbaya. Inaisha hata haitumiki. Mbili juu ya kumi." Hiyo alama muiweke akilini, tutairudia.

Sasa kitu chenyewe.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa navaa na kusikiliza kaswida toka kwa simu. Siku moja simu ikazima nikiwa katikati ya kazi, mikono imejaa mupunga. Kaswida ikanyamaza. Kaske yenyewe ikabaki inafanya kazi.

Nikashangaa. Ule mungurumo wa motere umeshuka, umekuwa mbali, umekuwa kama motere ya jirani wa tatu. Lakini nyuma yangu... namusikia Mama Emilienne anaongea na wifi yake. Wazi kabisa! Nikavua kaske: motere tu. Nikavaa: Mama Emilienne.

Kumbe ile kitu inakula mungurumo ule wa moja kwa moja. Sauti ya mutu inapita.

Na munajua namna tunavyoishi hapa mutaani. Uani tumejaa, wakwe, mawifi, watoto, wapangaji. Mutu akiwa na neno la siri anasema: "Twende kwa motere." Wanakuja na beseni ya mupunga, wanasimama karibu na kelele, wanaongea midomo kwa masikio. Tangu zamani za baba. Kwa motere hakuna anayesikia.

Sikumuambia mutu. Nilitaka niwashangaze ninyi kwanza hapa. Ile tamaa ya kushangaza watu ndiyo iliniokoa.

Wiki ya tano ndiyo akaja Iliasi na yule mugeni.

Mugeni anaitwa Ayoubu, mutu wa Wamaza, anachimba zahabu. Shimo lao limejaa maji, wanatafuta motere ya kuvuta yale maji. Hiyo nilijua pale pale, nimewapa mugongo.

"Watu wakiuliza motere imeenda wapi?" Ayoubu anauliza.

"Tutasema Théophile ameiba. Ye ndiye iko na ufunguo wa pili."

Théophile! Fundi aliyefunga ile motere na baba yangu kwa mikono yao. Mukulima wa pembeni ya muji, mukristo, hakosi kanisa. Mimi nikiwa darasa la tatu primaire, ye ndiye alinibeba mabegani kunionyesha mukanda unavyozunguka. Wangemufunga bure.

"Na mama yako anasemaje?"

"Mama anajua. Ni ye alitukataza kuongea nyumbani. Alisema muende kwa motere, kule hakuna anayesikia."

Hapo ndipo niliumia kuliko mahali pengine pote.

Mama mukwe wangu, Mama Nuru, naishi naye nyumba moja miaka sita. Si mutu wa maneno. Anasema "chumvi", anasema "mulango", basi imetosha mpaka kesho. Kaske ilipokuja aliiangalia tu, akasema, "Hiyo itakuharibu." Nilijua hanipendi. Sikujua kama anaweza kukaa na mutoto wake wakapanga kuninyang'anya kitu cha marehemu.

Nilitamani nigeuke nimumwagie Iliasi beseni yote kichwani. Wallahi mikono ilikuwa imeshainuka.

Sikugeuka. Nikamwaga mupunga wa mama anayefuata.

Jioni ananiuliza, mudomo umejaa ugali wangu:

"Kaske iko bien?"

"Iko bien, nzuri kabisa."

"Hausikii kitu?"

"Hata kidogo, Baba Malaika."

Akacheka peke yake. Ule mucheko sitausahau.

Mimi ni mupimaji, siaminigi kipimo kimoja. Kesho yake wakarudi, Ayoubu iko na kamba, anapima urefu wa motere. Nikasukuma kaske kidogo toka sikio: mungurumo tu. Nikairudisha, Iliasi anasema:

"Atakuwa Nyangwe. Arobaini ya shangazi yake. Anaenda Alhamisi, anarudi Jumamosi."

Nikaandika kwa daftari: sauti ya watu karibu na motere, tisa juu ya kumi. Kalamu ilitoboa karatasi.

Alhamisi ikafika. Nikamuachia Iliasi ufunguo wa mashini, na ye mwenyewe akanifungia mufuko nyuma ya pikipiki.

"Usisahau kaske yako."

"Nitasahau namna gani?"

Kipimo cha njiani, juu nimeahidi: kwa pikipiki kaske ni hatari. Upepo unapiga filimbi, na lori lilipiga honi nyuma yetu, sauti ikafika kwangu dereva ameshakata kona. Musivae kwa pikipiki. Sifuri.

Tulipopita nyumba za mwisho nikamugusa dereva begani.

"Geuka."

"Nyangwe iko mbele, mama."

"Najua Nyangwe iko wapi. Geuka, upite njia ya mashamba."

Shangazi yangu nilimusomea dua pale pale juu ya pikipiki. Angekuwa hai angenipigia makofi.

Nikaenda kwa Théophile. Nikamuelezea yote, yeye na bibi yake Naomie, bila kuficha ile ya kumusingizia. Théophile alikuna goti.

"Mutoto wa Hemedi. Sasa tunafanya nini?"

"Kesho tunakoboa mupunga, baba."

Naomie akavaa kitenge, akapita kwa wateja wangu nyumba kwa nyumba: "Kesho mashini iko wazi, saa sita. Muingie mulango wa nyuma. Musiongee."

Ijumaa. Adhana imetoka, wanaume wote wameenda musikitini, maduka yamefungwa. Ndani ya mashini mulango wa mbele umefungwa, dirisha limefungwa. Théophile amewafungulia wanawake kumi na moja mulango wa nyuma na ufunguo wake, wamekaa juu ya magunia, kila mutu na beseni kwa magoti. Hakuna aliyekohoa.

Ufunguo ukazunguka.

Iliasi akaingia na kle ya kufungulia buloni mukononi. Ayoubu nyuma yake na kamba. Na nyuma yao... mama mukwe wangu, amejifunika kitenge, anasimama mulangoni.

Alinipiga tena moyoni, hata kama nilikuwa najua.

"Sala imeisha mapema leo, Baba Malaika?" nikauliza.

Iliasi alituangalia, beseni moja baada ya beseni. Kle ikawa nzito mukononi mwake, naiona.

"Wewe... si uko Nyangwe?"

"Niko hapa."

"Nimemuleta huyu aangalie motere. Ilikuwa inakohoa."

"Asante sana. Kaa hapa. Leo napima ile kaske yako mbele ya watu, nilikosa mwanaume wa kuijaribu."

Wanawake wakacheka kidogo. Angekataa namna gani? Alikuwa bado anatumaini. Akakaa juu ya gunia. Nikamuvalisha mimi mwenyewe, nikafinya kitufe. Théophile akatoka nyuma ya mapipa ya mazut ya motere, akazungusha mukono wa motere.

Ikanguruma.

Iliasi akatabasamu! Akainua kidole gumba kuonyesha watu: nzuri. Nikaenda nyuma yake, nikahesabu hatua tatu kwa miguu yangu. Nikasema kwa sauti yake ile ile, si ya juu, si ya chini:

"Buloni ziko ine tu. Tutasema Théophile ameiba."

Akaruka toka juu ya gunia, akageuka, akapaza sauti.

"Nani alikuambia hiyo?"

Théophile akazima motere.

Mama Emilienne akanyoosha shingo.

"Sifa alikuambia nini, Baba Malaika? Sisi tumesikia motere tu."

Hapo ndipo alielewa. Aliinua mukono pole pole akagusa kaske masikioni mwake. Ye mwenye kuvaa ndiye peke yake aliyesikia.

"Tangu lini..." akaanza.

"Tangu ile siku ya kwanza."

Nikarudia yote mbele ya wale mama. Wamaza, shimo, Ijumaa, Théophile. Sikuongeza hata neno. Ayoubu akaweka kamba chini.

"Mimi niliambiwa motere ni ya kwake," akasema. "Na bibi yake nilifikiri anajua, anakataa tu. Ya kumusingizia fundi, hiyo nilinyamaza, nimekosa." Akamuangalia Théophile, akatoka.

Iliasi akabaki.

"Sifa, unaniaibisha mbele ya wanawake?"

"Ulitaka kunifanya kiziwi ndani ya mashini ya baba yangu. Acha ufunguo. Toka."

"Tuongee nyumbani."

"Kwa nini nyumbani? Si ulisema hapa ndipo pa kuongelea?"

Aliweka ufunguo juu ya gunia, akaweka na kaske. Hakuniangalia tena. Alipita kando ya mama yake, na mama yake hakumupisha, ilibidi apite ubavu ubavu.

Nikamugeukia yule mama. Sikuwa na heshima iliyobaki, nasema ukweli.

"Na wewe Mama. Ulijua. Ulikula kwangu miaka sita na ulijua."

Alikuja mpaka kwa gunia, akachukua kaske. Ile kitufe ya kuzima kelele imejificha, hata mimi mwenye kupima niliitafuta mpaka nikachoka. Yeye aliifinya bila kuangalia.

Nani alimufundisha?

"Ile betri unalalamikaka," akasema, "ni mimi."

"Mama?"

"Ukitoka, naivaa. Yule jirani wa kuchajia simu, si anawasha groupe yake ya umeme muchana kutwa? Nikaivaa pale ukutani. Groupe ikapotea. Nikamusikia bibi yake anamuambia mupangaji kama mimi ni muchoyo wa mukaa." Akavuta pumzi. "Nikajua. Wewe, kwa motere, unasikia."

"Sasa kwa nini haukuniambia?"

"Mimi ni mama yake. Nimemuzaa. Kwetu mama hamusemi mutoto wake mbele ya bibi yake, hata akiwa mubaya. Nilimukataza, hakusikia. Nikamukataza tena." Alikunja kitenge mukononi. "Lakini kumutuma akaongee mahali wewe unasikia... hiyo hakuna aliyenikataza."

Nilikaa chini kwa pumba nikalia, na yeye alisimama pembeni yangu, hajui afanye nini na mikono yake. Mwishoni akanipangusa vumbi kichwani, nguvu nguvu, vile anavyopangusa sufuria.

"Leo nilikuja kulala chini mulangoni, motere isipite," akasema. "Kama haungekuja, wangenikanyaga mimi kwanza."

Tulikuwa bado hivyo, Mama Emilienne akasimama na beseni yake.

"Ngojeni kidogo. Sifa. Hizi wiki zote... ile habari yangu na wifi?"

"Nilisikia, Mama Emilienne."

"Yote?"

"Mpaka ile ya kuku."

Wanawake kumi na moja wakaangaliana. Mumoja akafunika uso. Mwingine akaanza kuhesabu kwa vidole alikuja siku gani. Ndipo Naomie akapasuka kucheka, tukacheka wote mpaka Théophile akatoka nje.

Iliasi iko Wamaza sasa. Ametuma wazee mara tatu. Mara tatu nimewapa chai na nimewaambia hapana. Motere iko pale pale na buloni zake ine, na Théophile ameongeza mbili.

Mama Nuru hakwenda na mutoto wake. Nyumbani bado ni yule yule: "chumvi", "mulango". Lakini muchana anakuja kwa mashini, anasimama hatua tatu nyuma yangu wakati motere inanguruma, na anaongea. Ananiambia ndoa yake ilivyokuwa. Ananiambia vile anamuota Iliasi akiwa mudogo. Jana aliniambia, "Umekonda, mwanangu, kula."

Anajua nasikia. Mimi sigeuki, namwaga mupunga. Machozi na pumba vinachanganyika usoni, nani atajua.

Sasa jibu lenu. Kaske isiyo na waya ya kuzima kelele, inafaa kila siku? Kwa pikipiki, hapana. Kwa joto letu, vumilia. Kwa kazi yenye motere, ndiyo, masikio yangu yamepona nusu, Malaika ananiita mara moja naitika. Na ile alama ya betri naifuta mbele yenu, nilikosea. Betri ni nane juu ya kumi. Ilikuwa inatumika kazi nzuri kuliko yangu.

Funzo? Mutu akikuletea kitu cha kukufunga masikio na anacheka, usimurudishie. Kivae, zima muziki, mugeuzie mugongo.

Aongee.